Usalama wa Dawa za Mitishamba: Kwanza Tuujue Mti

Mjadala juu ya dawa za mitishamba hapa nchini aghalabu huendeshwa na watu wa pande mbili wasiosikilizana. Upande mmoja wako wale wanaoamini kuwa kila kilichotumiwa na babu zetu ni salama, kwa sababu tu babu zetu walikitumia. Upande wa pili wako wale wanaodhani kuwa kila kisichotoka kiwandani ni ushirikina. Mimi ni mwalimu wa kemia ya mimea, nami huulizwa mara kwa mara niko upande gani. Jibu langu huwa haliwapendezi wote wawili, maana nami huwauliza: dawa mnayoizungumza imetokana na mti gani? Mara nyingi mazungumzo huishia hapo.

Yafaa nieleze kwa nini swali hili naliona kuwa kubwa kuliko mengine yote, na sina budi kuanza na kosa langu mwenyewe.

Mwaka 2008, nilipokuwa nikijiandaa kwenda ng'ambo kwa masomo ya shahada ya uzamivu, nilikwenda Maretadu, wilayani Mbulu, kutafuta mmea wa kufanyia utafiti. Huko niliongozwa kwa mama mmoja mzee aliyejulikana kijijini kwa kutibu matumbo ya watoto. Alinipokea vizuri, akanipa gamba la mti alilokwisha kulikausha na kulitwanga, akanitajia jina lake kwa Kiiraqw, nami nikaliandika katika daftari. Nilimshukuru, nikaondoka na kilo mbili za unga katika mfuko wa nailoni. Sikuomba kuonyeshwa mti wenyewe. Nilikuwa nawahi basi la Arusha, na isitoshe, nilijiona kuwa mtaalamu. Jina nilikuwa nalo, na unga nilikuwa nao, nikadhani kwamba vyatosha.

Kule chuoni nilifanya kazi ya miezi minane. Niliuloweka ule unga katika viyeyusho mbalimbali, nikavitenga vilivyomo kimoja baada ya kingine, na katika mojawapo ya sehemu hizo nikaona jambo la kutia moyo: bakteria waliooteshwa katika visahani walikufa. Msimamizi wangu alifurahi, kisha akauliza swali ambalo mwanafunzi yeyote wa mimea angepaswa kulitarajia. Kielelezo cha mmea huu kimehifadhiwa wapi, na namba yake ni ipi? Alimaanisha tawi lililokaushwa, lenye majani na maua, lililowekwa mahali ambapo mtu yeyote mwenye shaka aweza kwenda kulitazama. Sikuwa nalo.

Niliandika barua nyumbani. Jibu lilikuja kwamba yule mama amekwisha kufariki. Binti yake aliwaonyesha ndugu zangu mti mmoja. Jirani yake akasema la, mti wenye jina hilo ni mwingine. Nililetewa magamba ya miti yote miwili, nikayapima, na wala moja halikufanana na ule unga wangu. Nililazimika kuiacha kazi ile na kuanza upya kwa mmea mwingine uliojulikana. Kupotea kwa mwaka mmoja wa masomo ni jambo dogo. Lililo kubwa ni kwamba ile dawa, ikiwa kweli ilikuwa dawa, imetupotea sote, na watoto wa Maretadu wakiwamo.

Nimekisimulia kisa hiki ili mwanafunzi anayesoma makala haya asidhani kuwa nawanyoshea kidole waganga wa jadi. Yule mama hakukosea lolote. Aliujua mti wake kama ninavyoijua njia ya kwangu. Alijua uchumwe upande gani wa kilima, msimu gani, na uchemshwe kwa muda gani. Alimjua na mgonjwa pia: mtoto wa nani, ameanza lini kuharisha, na alikula nini jana. Kesho yake angepita kumtazama, na kama dawa imemdhuru angekuwa mtu wa kwanza kujua, maana angelisikia kilio akiwa kwake. Huo ulikuwa ni utaratibu kamili wa kuhakikisha ubora na usalama, ingawa hakuna aliyeuita hivyo. Mti, mganga na mgonjwa walikuwa katika kijiji kimoja.

Utaratibu huo sasa umevunjika, na si kwa kosa la mtu mmoja. Siku hizi anayechimba mzizi ni kijana wa kijijini anayelipwa kwa gunia. Gunia hilo husafirishwa kwa lori pamoja na vitunguu saumu vya Mbulu, likafika sokoni mjini, likanunuliwa na mtu wa pili, likasagwa na wa tatu katika mashine iliyosaga mahindi asubuhi, na kutiwa katika makopo na wa nne. Anayeuza barabarani au stendi ya mabasi ni wa tano. Wa sita ni mgonjwa, naye hamjui hata mmoja wa hao watano. Kwenye kopo pameandikwa kuwa dawa hutibu kisukari, shinikizo la damu, vidonda vya tumbo, na uchovu. (Tumezoea hesabu za namna hiyo. Mwarobaini uliitwa hivyo kwa sababu ilisemwa kwamba hutibu maradhi arobaini, na tangu hapo hatujamwuliza aliyehesabu. Wala wengi wetu hatujui kuwa mti huo tunaouita wa asili ulitujia kutoka Bara Hindi.) Mganga wa kijijini ametoweka katika msururu huu, lakini heshima yake imebaki kwenye kopo, nayo ndiyo inayouzwa.

Katika mazingira hayo, jambo la kwanza linalopotea ni utambulisho wa mti. Nitatoa mfano ambao kila msomaji ameusikia, ingawa nina hakika wengi hawakuusikia kwa upande huu.

Mwaka 2011 taifa zima lilielekeza macho katika kijiji cha Samunge, Loliondo, ambako Mchungaji mstaafu Ambilikile Mwasapile, aliyefahamika kama Babu, alikuwa akitoa kikombe cha dawa kwa shilingi 500. Watu walitoka kila pembe ya Afrika Mashariki. Misururu ya magari ilikuwa ya kilomita nyingi, na wapo waliofia njiani. Dawa ile ilichemshwa kutokana na mizizi ya mti ambao wenyeji huuita mugariga, Wamasai huuita olamuriaki, Waswahili huuita mtandamboo, na wataalamu wa mimea huuita Carissa edulis. Wataalamu wa Serikali walikwenda, wakautambua mti, wakaeleza kwamba kwa kipimo kile kilichotolewa hawakuona madhara kwa mnywaji. Kwamba kikombe kiliponya UKIMWI au kisukari, hilo halikuthibitika, na walikuwapo wagonjwa walioacha dawa zao za hospitali wakadhurika. Mzee Mwasapile aliaga dunia mwezi wa Julai 2021, na sina haja ya kuufufua ugomvi ule. Nataka tutazame jambo moja tu. Mti wa Samunge ulijulikana. Mchemshaji alikuwa mmoja, kikombe kilikuwa cha ukubwa uleule, na mahali pa kunywea palikuwa palepale. Kwa hiyo, hata aliyeipinga dawa ile aliweza kusema kwa hakika anapinga kitu gani.

Baada ya muda mfupi waliibuka watoa vikombe wengine katika mikoa mingine. Mizizi yao ilikuwa ya nini?

Swali hili si la uchokozi. Mtandamboo una ndugu yake wa karibu katika ukoo wa mimea uitwao Apocynaceae. Ndugu huyo ni msunguti, ambao wataalamu huuita Acokanthera schimperi, na Wamasai huuita olmorijoi. Hata kwa masikio, ikiwa mtu si mwenyeji wa lugha, olamuriaki na olmorijoi hayako mbali sana. Kwa macho ndiyo hatari zaidi: miti yote miwili ina majani magumu yanayong'aa, yaliyopangwa mawili mawili yakielekeana, yote miwili hutoa utomvu mweupe, maua madogo meupe yenye harufu nzuri, na matunda ya mviringo yanayoiva kuwa ya zambarau iliyokoza. Watoto wachungaji hula matunda ya mtandamboo kila mwaka. Tofauti iliyo rahisi kuonekana ni miiba: mtandamboo unayo, msunguti hauna.

Na msunguti ndio mti ambao Wakamba, Wagiriama na makabila mengine ya Afrika Mashariki walichemsha magamba na vijiti vyake hadi vikawa lami nyeusi ya kupaka mishale. Sumu yake, iitwayo wabaini kutokana na neno la Kisomali, ikiingia katika damu huzuia kazi ya vile visukumio vidogo ndani ya chembe za mwili ambavyo hutoa sodiamu nje na kuingiza potasiamu ndani. Moyo wa mnyama hupoteza mapigo yake na kusimama. Mwanasayansi wa Denmark, Jens Skou, aliitumia sumu hiyohiyo kuonyesha jinsi visukumio hivyo vinavyofanya kazi, na kwa ugunduzi huo alipata Tuzo ya Nobel mwaka 1997. Hata kwa njia ya kinywa, ambako wabaini haipenyi kwa urahisi kama inavyopenya jerahani, mti huo si wa kuuchezea. Kusini mwa Afrika, wataalamu wamekuwa wakionya kwa miaka mingi juu ya kuwachanganya ndugu hawa wawili.

Sasa natuufikirie mzizi. Mzizi hauna miiba. Hauna jani wala ua. Ukikatwakatwa, ukaanikwa, na kusagwa, ni unga wa rangi ya udongo kama unga mwingine wowote. Yule kijana anayelipwa kwa gunia, akichoka kupigana na miiba, aweza kuchimba kichaka cha pembeni kisicho na miiba, wala asijue kwamba amefanya jambo lolote baya.

Msomaji aweza kusema kuwa natia chumvi. Basi natuvuke bahari. Mjini Brussels, Ubelgiji, mwanzoni mwa miaka ya 1990, wanawake waliokuwa wakitafuta kupunguza unene walipewa vidonge vyenye unga wa mimea ya Kichina. Walipewa na madaktari, katika nchi tajiri yenye maabara ya kila namna. Mmoja wa mimea iliyokusudiwa ulikuwa Stephania tetrandra. Lakini kwa Kichina jina la fangji hutumika kwa zaidi ya mmea mmoja, na kilicholetwa kilikuwa Aristolochia fangchi. Zaidi ya wanawake mia moja waliharibikiwa figo. Wengi wao walihitaji kusafishwa damu kwa mashine au kupandikizwa figo nyingine, na baadaye baadhi yao walipata saratani ya njia ya mkojo. Taarifa ya kwanza ilichapishwa mwaka 1993. Hakuna aliyetaka kuua. Jina lilikuwa moja, mimea ilikuwa miwili, na unga haukuwa na uso.

Yapo mambo mengine yanayohusu ubora, nayo nitayapitia, ingawa kwa maoni yangu yote husubiri hilo la kwanza.

Mmea mmoja hauna nguvu moja. Walimu wa kemia wanaweza kuwaeleza wanafunzi habari za Artemisia annua, mmea wa Kichina ambao umewahi kulimwa hata katika nyanda zetu za juu za kaskazini kwa ajili ya dawa ya malaria. Kiasi cha dawa iliyomo katika majani hutofautiana mara nyingi kwa kutegemea mbegu, udongo, na umri wa mmea. Huwa kingi karibu na wakati wa kutoa maua, kisha hupungua. Tena, njia ya kutengeneza ni muhimu kama mmea wenyewe. Mama Tu Youyou wa China na wenzake walihangaika kwa kuwa dawa waliyoipata kwa joto haikuwa na nguvu ya kuaminika. Aliposoma maandiko ya kale na kuona kuwa majani yaliloweshwa katika maji na kukamuliwa, alibadili njia, akatumia etha kwa joto la chini mwaka 1971, na dawa ikapatikana. Tuzo ya Nobel ilimfikia mwaka 2015. Mwandishi wa maandiko yale aliishi zaidi ya miaka elfu moja na mia tano kabla yake, na alichokihifadhi kilikuwa jina la mmea, kipimo cha maji, na namna ya kuloweka. Kama angeandika tu kwamba mmea huo hutibu homa, sidhani kama tungekuwa na dawa leo.

Upo pia uchafu. Mwaka 2016, katika mikoa ya Dodoma na Manyara, watu 68 waliugua na 20 kati yao wakafa kwa sumukuvu ya kwenye mahindi. Mahindi yale yalikuwa chakula, si dawa. Lakini kuvu haiulizi kama inachoota juu yake ni chakula au ni mzizi wa dawa. Gamba lililoanikwa chini penye vumbi na kufungwa kabla halijakauka hupata ukungu kama punje ya hindi. Na usagaji wa kuchemsha haumponyi mtu, maana sumu ya ukungu huvumilia joto la sufuria.

Na upo udanganyifu wa makusudi, ambao hauna uhusiano wowote na babu zetu. Katika nchi nyingi maabara zimekuta ndani ya unga wa mitishamba dawa za kiwandani zilizosagwa na kuchanganywa: dawa za jamii ya prednisoloni na deksamethasoni katika unga wa maumivu ya viungo, na sildenafili katika unga wa nguvu za kiume. Shangazi yangu mwenyewe alinunua mnadani unga wa magoti. Katika wiki moja alitembea bila fimbo, akapata hamu ya kula, na majirani wakausifu mti huo. Baada ya miezi minne uso wake ulikuwa umevimba kama mbalamwezi na sukari imepanda. Daktari aliyemwona alitazama uso tu, akamwuliza ni dawa gani anayotumia. Shangazi akajibu kwamba hatumii dawa yoyote, ila mitishamba. Jibu hilo, walimu wenzangu, ndilo ninalotaka wanafunzi wetu walikomeshe, maana kilichomo ndani ya mtishamba, kikifanya kazi mwilini, ni dawa kama dawa nyingine, na daktari ana haki ya kukijua.

Mtu atauliza: sheria iko wapi? Sheria ipo. Bunge lilipitisha Sheria ya Tiba Asili na Tiba Mbadala, Namba 23 ya mwaka 2002, ambayo iliunda Baraza la kusajili waganga na dawa zao. Muhimbili kulianzishwa kitengo cha utafiti wa tiba asili mwaka 1974, nacho kikawa taasisi kamili mwaka 1991. Maabara ya Mkemia Mkuu wa Serikali hupima dawa zinazoletwa. Nchi nyingi hazina hata nusu ya vyombo hivi, na sipendi kuungana na wale wanaosema kwamba hakuna kinachofanyika. Malalamiko yangu ni kwamba sisi wataalamu tumeanza mwishoni. Mkemia akiletewa kopo la unga aweza kupima kama mna risasi, zebaki, au vijidudu. Aweza hata kuona dawa ya kiwandani iliyofichwa. Lakini hawezi kusema kwa hakika kwamba unga huu ni mti fulani, pasipo kuwa na kielelezo cha mti huo cha kulinganisha nacho. Wapo wanaotumainia upimaji wa vinasaba. Nao ni mzuri, lakini kinasaba cha mmea usiohifadhiwa popote hukilinganisha na nini? Isitoshe, dawa iliyochemshwa kwa saa nyingi imekwisha kuharibika vinasaba vyake.

Kwa hiyo maoni yangu ni kwamba dawa yoyote ya mitishamba isisajiliwe mpaka tawi la mti wake, lenye majani na maua au tunda, liwe limehifadhiwa katika hifadhi ya taifa ya mimea na kupewa namba, na namba hiyo iandikwe kwenye kopo. Gharama yake ni ndogo mno ikilinganishwa na mashine tunazoziomba kwa wafadhili kila mwaka. Pale Ngaramtoni, Arusha, iko hifadhi ya taifa ya mimea iliyojengwa kwa miaka mingi chini ya iliyokuwa Taasisi ya Utafiti wa Viuatilifu, ambayo sasa imo katika Mamlaka ya Afya ya Mimea na Viuatilifu. Chuo Kikuu cha Dar es Salaam nacho kina yake.

Wako waganga watakaokataa, na wana hoja. Wakitaja mti, siri imetoka. Na siri ikitoka, mwingine atatajirika. Hofu hii haikuzuka hewani. Huko Afrika ya Kusini, Wasani walikuwa wakitafuna mmea wa Hoodia ili kuzuia njaa wakati wa kuwinda. Taasisi ya utafiti ya nchi hiyo ikachukua hataza juu yake mwaka 1996 pasipo kuwashirikisha, na makubaliano ya kugawana mapato hayakufikiwa mpaka mwaka 2003, baada ya mzozo. Mimi mwenyewe nilibeba kilo mbili za unga wa mama wa watu hadi ng'ambo, na laiti kungalipatikana fedha humo, sijui kama jina lake lingeandikwa mahali. Lakini siri ya namna ya yule mama, iliyokaa kichwani mwa mtu mmoja, ilizikwa pamoja naye. Haikumtajirisha yeye wala watoto wake. Tawi laweza kuhifadhiwa katika bahasha iliyotiwa muhuri, jina la mwenyewe likiwa juu yake, na lisifunguliwe ila kwa idhini yake au mgonjwa akidhurika. Hilo lingemlinda mganga zaidi ya ukimya.

Kuna sababu nyingine ya kuharakisha. Miti yenyewe inakwisha. Mti unaobanduliwa gamba kuuzunguka wote hufa, na anayetafuta gamba hilo mwaka unaofuata, akilikosa, haachi biashara. Hutafuta linalofanana nalo. Mti uitwao Prunus africana, ambao gamba lake hununuliwa Ulaya kwa maradhi ya tezi dume, uliwekewa masharti ya biashara ya kimataifa mwaka 1995 kwa sababu hiyo. Uhaba wa mti mmoja ndio mlango wa kuingilia mti mwingine katika kopo lilelile.

Julai 2023 nilirudi Maretadu, safari hii kwa mwaliko wa walimu wa sekondari. Niliwaomba wanafunzi wa kidato cha tatu waje kesho yake na tawi la mti uleule niliouandika daftarini mwaka 2008, kila mmoja akiuliza kwao. Yaliletwa matawi kumi na tisa. Tuliyapanga mezani, tukayatenga kwa namna majani yalivyokaa, kwa utomvu, na kwa harufu. Kwa macho yangu ilikuwa miti isiyopungua minne, na mmojawapo ulikuwa mtunguja, ambao matunda yake yana sumu. Kulikuwa na kelele nyingi. Kijana mmoja alisisitiza kuwa babu yake hawezi kukosea, na binti mmoja akamjibu kwamba bibi yake naye hawezi, na bado matawi yao hayafanani. Sikuwaamulia. Niliwaambia kwamba huenda mababu wote wawili wako sawa, kila mmoja na mti wake, na kwamba hilo ndilo jambo la kuandika.

Tulitengeneza vibanio viwili kwa mbao za sanduku. Tawi hutandazwa kati ya magazeti, jani moja likigeuzwa ili mgongo wake uonekane. Mbao hukazwa kwa kamba na kuwekewa jiwe juu. Magazeti hubadilishwa kila siku mpaka tawi likauke. Pembeni huandikwa tarehe, mahali, jina wanaloliita wenyeji, nani aliyelisema, sehemu gani hutumika, na kwa maradhi gani. Kazi hii haihitaji umeme wala kemikali. Jambo moja nililowakataza kabisa ni kuonja. Walimu watakaojaribu zoezi hili nawaomba wawe wakali katika hilo, na mikono inawe kwa sabuni baadaye.

Mwalimu wa baiolojia ameniandikia tangu wakati ule. Mvua za masika zilileta ukungu na vielelezo vitatu vikaoza, kwa kuwa wakati wa likizo hapakuwa na wa kubadilisha magazeti. Vilivyosalimika vimepelekwa Arusha. Kimoja kimeandikwa kwa mwandiko wa yule binti kwamba bibi yake alikuwa akienda kuchuma pamoja na mama mzee aliyetibu watoto, na kwamba huu ndio mti wake. Ule unga wangu bado ninao, gramu kumi na mbili hivi, katika chupa ya kahawia ofisini. Hifadhi imejibu kuwa tawi hilo halikuwa na ua, na bila ua hawawezi kulitaja jina. Binti amemaliza kidato cha nne sasa, lakini mdogo wake yuko shuleni hapo, naye ameahidi kwenda kuutazama mti kila wiki mvua za vuli zikianza.